Isizimwe Mpaka Wangwe Aseme

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Daftari jipya. Lile la zamani limejaa hadi pembeni mwa kurasa. Mama Evelina, mwenyekiti wetu wa ushirika, ameniletea hili akanisihi niandike habari za mashine tu, nisichanganye na habari za watu. Nimemwambia sawa, mama. Miaka kumi na mitano hakuna aliyefungua daftari langu zaidi ya mende, kwa hiyo nitaandika nipendavyo.

Kwa faida ya mende: naitwa Wangwe, fundi wa mashine ya kukaushia kahawa ya wakulima, hapa nje kidogo ya Nkende. Mashine yenyewe ni pipa kubwa la chuma linalozunguka juu ya hewa ya moto. Pipa halina neno. Neno liko kwenye kabati lake la umeme, ambamo mna kisanduku cha kijivu tunachokiita ubongo. Huo ndio unaoamua pipa lizunguke lini, moto uongezwe au upunguzwe, hewa iingie kiasi gani. Waliotuuzia waliacha kuutengeneza mwaka mmoja tu baada ya kutuletea. Ukiwaandikia kuomba kipuri wanakujibu kwa adabu sana kwamba ununue mashine mpya.

Ninavyojua mimi, ubongo wa aina hii umebaki hai mahali pawili. Mmoja ni huu wangu. Mwingine uko ng'ambo, upande wa Migori, kwenye kiwanda cha kahawa anakofanya kazi Ojwang. Ni mapacha, walikuja kwenye lori moja. Mimi na yeye tulipeana mkono kwenye kibanda cha chai pale Sirari: atakayetangulia kufiwa na mashine yake, vipuri vyote vimwendee mwenzake. Tangu siku hiyo kila mmoja anaiombea ya mwenzake uzima, na nadhani kila mmoja anainyemelea kidogo.

Alhamisi, 7 Septemba

Kahawa mbivu imeanza kuingia. Nimepaka grisi beringi zote.

Jumatatu, 11 Septemba

Ojwang kapiga, kama kila Jumatatu. Eti pipa lake linatetemeka upande wa kushoto likishapata moto, nifikirie ni nini. Nikamwambia akaze boliti za miguu. Halafu nikakumbuka kwamba mwaka jana aliniuliza hilohilo, na nilimjibu hilohilo. Nikamwambia anazeeka. Akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama bado tunakula kichuri, maana Mungu alimpa ng'ombe tumbo ili alifiche kile tunachokipika sisi Wakurya. Nikamwambia mtu anayekula vichwa vya samaki asinifundishe usafi.

Nora, mke wangu, anasema nikiongea na Ojwang nacheka kuliko ninapoongea naye. Ni kweli, lakini Nora hajawahi kunikatia relei, kipuri cha umeme, kutoka kwenye mashine yake.

Ijumaa, 22 Septemba

Redio inasema mvua za vuli mwaka huu si za mchezo, ni za El Nino. Basi vichanja vya kuanikia havitafaa kitu. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa ina siku chache tu za kuvumilia unyevu kabla haijaota ukungu, kwa hiyo msimu wote uko juu ya pipa langu.

Na leo hiihii taa ya betri imewaka. Ubongo una betri ndogo inayoshika kumbukumbu umeme unapokatika. Betri ikifa na umeme ukakatika, ubongo unasahau kila kitu, unabaki sanduku. Betri zenyewe hazitengenezwi tena.

Nimempigia Ojwang. Akasema anayo moja nzima, atanitumia. Nikamuuliza ameitoa wapi. "Wewe unataka betri ama unataka historia?" akanijibu.

Ijumaa, 29 Septemba

Bodaboda wa Sirari kaleta kifurushi. Juu dagaa wa kukaanga kwa ajili ya Nora, chini betri. Imezungushiwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: BADILISHA STIMA IKIWA IKO. USIZIME.

Nimecheka peke yangu. Ojwang ni fundi mzuri, lakini ana mbwembwe za kutia mkono kwenye kabati linalowaka. Mimi siyo mtu wa kuambiwa hivyo. Mdogo wangu Nelson alikufa mwaka 1998 kwenye mashine ya kusaga, mita mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Alitia mkono ndani na mimi nilijua haijazimwa, nikadhani na yeye anajua. Tangu siku hiyo nina kanuni moja, na kila niliyemfundisha kazi nilianza naye hapo: zima kwanza, funga kufuli, ufunguo utie shingoni. Mtu hafi wakati ufunguo uko shingoni mwako.

Betri nitaiweka Jumatatu, kabla ya mzigo mkubwa.

Jumatatu, 2 Oktoba



Saa mbili asubuhi nilizima swichi kubwa. Nikafunga kufuli, ufunguo shingoni. Nikatoa betri ya zamani. Kwa kuwa kabati liko wazi na kila kitu kimelala, nikaona nisafishe na vumbi la mwaka mzima, nikachukua brashi, nikapita kila kadi, vile vibao vya umeme vya ndani, polepole, nusu saa nzima na zaidi. Nikaweka betri ya Ojwang. Nikawasha.

Taa nyekundu. Pipa limesimama. Nikabonyeza, nikazima, nikawasha tena. Ubongo hauna kitu ndani. Hata saa yake imerudi kwenye mwaka ambao watoto wangu walikuwa hawajazaliwa.

Nje kulikuwa na wakulima kama arobaini na magunia yao, wengine na punda, na wingu jeusi limekaa juu ya Nkende. Mama Evelina akauliza kulikoni. Nikamwambia betri niliyoletewa ilikuwa mfu, imekufa na kumbukumbu yote. Akauliza nani aliileta. Nikapiga simu palepale, mbele za watu, nikaiweka sauti kubwa ili kila mtu asikie kwamba kosa siyo la Wangwe.

Nikamwambia Ojwang ameniletea maiti. Nikamwambia amejiwekea betri nzuri yeye akanitupia uchafu, kwa sababu anangoja mashine yangu ife arithi. Nikasema na mengine kuhusu Wajaluo ambayo sitayaandika, hata kwa mende.

 Nilisikia kuku nyuma yake. Kisha akaniuliza swali moja, kwa upole: "Uliizima, omera?"

Nikamjibu mimi siyo mtoto, bila shaka niliizima.

 Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Basi ni kosa langu, ndugu yangu. Nipe siku chache." Watu wote walisikia akikiri, wakaguna. Nikakata simu nikiwa nimeshinda.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mvua. Wanauliza kwa nini nisizungushe pipa kwa swichi za mkono bila ubongo. Tulijaribu mwaka 2016, tukaunguza kahawa ya kijiji kizima na paa likashika moto. Sitajaribu tena.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ojwang kapiga mara tatu. Sikupokea. Ni Jumatatu, labda pipa lake linatetemeka upande wa kushoto.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimekwenda Mugumu. Niliambiwa kuna kinu cha pamba huko kilichokufa siku nyingi, na kabati lake ni la ukoo uleule na letu. Nilifika nikakuta kabati lipo, mlango upo, ndani nyigu wamejenga. Kadi zote zimeng'olewa.

Mlinzi akanielekeza kwa Maige, mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye duka hapahapa kwetu Bomani. Yaani nimesafiri siku nzima kumfuata jirani. Nikamkuta jioni anafunga. Maige ni Msukuma aliyekuja Nyamongo kuchimba dhahabu, miguu ikaharibika shimoni, akaingia kwenye chuma. Aliponiona na kadi niliyobeba kama mfano mkononi akanipa pole kabla sijasema neno. Akasema kadi hizo zina dhahabu kwenye meno yake, ule mstari wa njano unaoingia kwenye tundu. Yeye na wenzake walizichoma, wakazisafisha kwa zebaki kama mchanga wa mgodini.

Nikamuuliza walipata kiasi gani. Akanionyesha ncha ya ukucha wa kidole kidogo, akasema hata hivyo ilikuwa pungufu ya hapo. Alikuwa anaona aibu kweli. Nilishindwa kumgombeza.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mvua siku ya tano mfululizo. Kahawa iliyoko kwenye vichanja chini ya maturubai imeanza kunuka. Ukitia mkono chini unahisi joto, na joto hilo ni la kuoza.

Leo tumemwaga ya kwanza shimoni. Ilikuwa ya Mogesi, mjane wa kule mlimani, ambaye huchuma mbivu tupu moja moja, hachanganyi hata punje ya kijani. Kila mwaka kahawa yake ndiyo namba moja. Amesimama pembeni ya shimo na kanga yake kichwani mpaka toroli la mwisho. Nilimwendea, nikamwambia ni yule Mjaluo aliyenipa betri mbovu. Akaniangalia.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikumpa kahawa yule Mjaluo. Nilikupa wewe."

Akamfungua punda wake, akaenda zake.

Jumanne, 24 Oktoba

Saa nane mchana Nikolaus, mlinzi wetu wa getini, alikuja kuniambia kuna mgeni, anaitwa Ojwang, amekuja kwa pikipiki kutoka stendi.

Miaka kumi na mitano hajawahi kufika hapa. Tulikuwa tunakutana Sirari, nusu kwa nusu, kama wachumba wenye wazazi wakali.

Nikamwambia Nikolaus: mwambie sipo.

Nikolaus ni mlokole, uongo unamtoa jasho. Akasita, akaenda. Mimi nikasogea kwenye ufa wa mlango wa chumba cha mashine. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwona kwa mgongo. Koti lile la kahawia ninalolijua lilikuwa linamning'inia kana kwamba ni la kaka yake mkubwa. Alikaa kwenye jiwe la getini kabla hajapanda pikipiki, akakaa muda, mkono kiunoni. Nikadhani anangoja nibadili mawazo. Kisha dereva akamsaidia kupanda, wakaondoka.

Nikolaus kanirudia amelowa. Akasema mgeni ameacha kifurushi, kiko kibandani kwake. Nikamuuliza alisema nini alipoambiwa sipo.

"Amesema ukirudi nikwambie utoe viatu vyako mvuani."

Gambuti zangu zilikuwa nje ya mlango, nilikozivua, zimejaa maji.

Alhamisi, 26 Oktoba

Kifurushi bado kiko kwa Nikolaus. Nimemwambia sikitaki. Kitakuwa maiti nyingine.

Jumapili, 29 Oktoba

Nora amerudi kanisani akaniuliza kama nimempigia Ojwang. Nikasema yeye ndiye mwenye kosa, alikiri mwenyewe. Nora akasema ameishi nami miaka ishirini na minane na mimi nikikosea huwa siombi msamaha, ila kuni hukutwa zimeshapasuliwa. Sikumwelewa. Kisha nikatazama nje: nilikuwa nimepasua kuni za miezi miwili, mvuani.

Jumanne, 31 Oktoba

Kamati imekaa. Kuanzia Jumatatu kila mkulima aje achukue mzigo wake uliobaki, auze kwa walanguzi ukiwa mbichi, kwa bei watakayotaka wao. Kiwanda kifungwe. Mama Evelina aliongea akinitazama kifuani, siyo usoni, pale unapokaa ufunguo.

Ijumaa, 3 Novemba

Leo nimefungua kifurushi. Siyo kwa wema. Nilikuwa nakusanya vifaa vyangu, nikataka kumrudishia betri yake ili nisiwe na kitu chake hata kimoja. Nikaichomoa, na kwa mazoea tu nikaitia mita.

Nzima. Nzima kama imetoka dukani.

Nikaipima mara tatu. Nikabadilisha mita. Kisha nikakaa chini sakafuni, nikatoa ile karatasi ya maandishi mekundu niliyokuwa nimeifanya alama ya ukurasa humu daftarini. BADILISHA STIMA IKIWA IKO. USIZIME. Ubongo hushikwa na umeme au hushikwa na betri, kimojawapo. Mimi niliondoa umeme, nikaondoa na betri, nikapiga brashi nusu saa huku kumbukumbu ikimwagika sakafuni bila sauti. Kijana wa chuo wa mwaka wa kwanza angejua. Mimi nilikuwa na ufunguo shingoni.

Na yeye alijua. Alijua tangu aliponiuliza kama niliizima. Alisikia watu nyuma yangu, akaelewa kwamba nikiumbuliwa pale mbele ya wakulima wangu nimekwisha, akalibeba kosa yeye.

Nilikwenda kwa Nikolaus nikikimbia. Kifurushi kilikuwa chini ya kitanda chake, amekifunika na mfuko wa saruji kisilowe. Ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu, saizi ya kiberiti, ya aina ambayo tuliitafuta mimi na yeye miaka mingi tukakata tamaa, na karatasi:

"Wangwe, nimehamishia hapa kumbukumbu yote ya ubongo wangu. Chomeka, ngoja taa ya kijani, kisha unipigie. Yangu haitazimwa mpaka nisikie yako imewaka. O."

Nikarudisha betri, nikachomeka kadi, nikawasha. Dakika nne. Taa ikawa kijani. Pipa likaguna, likazunguka.

Nikolaus aliimba. Mama Evelina alikuja kwa miguu kwenye matope, akanishika mikono yote miwili. Walinisifu sana. Sikumwambia mtu.

Simu sikupiga. Nitaanzaje? Nitampigia kesho.

Jumamosi, 4 Novemba

Pipa linazunguka mchana na usiku. Kazi nyingi. Kesho.

Jumatatu, 6 Novemba

Ni Jumatatu, nikasema atapiga yeye, itakuwa rahisi. Nikakaa na simu mfukoni siku nzima. Hakupiga. Ana haki.

Jumatano, 8 Novemba

Nimeandika ujumbe: Yangu imewaka. Nikaona ni mfupi mno kwa mtu niliyemtukana vile. Nikaongeza samahani. Nikaona samahani haipiti kwenye ujumbe wa simu, inataka mdomo. Nikafuta vyote. Wala hana haraka ya kuzima, nani huzima pipa katikati ya msimu?

Ijumaa, 10 Novemba

Nimekwenda mlimani kwa Mogesi. Nilimwambia ukweli wote, yeye wa kwanza. Shikamoo yangu aliipokea, maelezo yangu akayasikiliza akipepeta mtama. Nilipomaliza aliuliza kama huyo Ojwang naye nimeshamwambia. Nikasema bado.

"Basi umekuja kufanya mazoezi kwangu," akasema.

Jumatatu, 13 Novemba

Leo nimepiga.

Alipokea mkewe, Aoko. Nikamwamkia, nikamwambia nipe jamaa yangu. Akaniambia, "Shemeji, hujaambiwa? Ametuacha Alhamisi. Ni figo. Tunamzika Jumamosi."

Alhamisi ilikuwa tarehe tisa. Tarehe nane nilikuwa na ujumbe mkononi.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua.

Jumatano, 15 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 18 Novemba

Tuliondoka alfajiri mimi na Nora, tukavuka Sirari, tukafika kwake kabla ibada haijaanza. Kwenye msiba huendi mikono mitupu. Nora alibeba unga na sukari. Mimi mfukoni nilikuwa na ile betri. Nilikuwa nimeitoa kwenye ubongo wangu umeme ukiwa umezimwa, nikapakia upya kwa kadi, na umeme ukikatika nitapakia tena. Sikujua nitaifanyia nini. Nilitaka tu kuirudisha kwa mwenyewe, kama mtu anayerudisha jembe la kuazima.

Nilidhani nitawakuta wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Hakukuwa na hata mmoja. Nikamuuliza kijana mmoja wa ukoo, akanishangaa: kiwanda kipi? Kile kilifungwa mwaka 2019, mzee. Mabati yameshauzwa.

Miaka minne. Kila Jumatatu kwa miaka minne alinipigia na habari za pipa lake, hata hilo linalotetemeka upande wa kushoto.

Tulimzika saa tisa, mvua ikatupa nafasi. Niliweka udongo. Watu walisimama mmoja mmoja kumsemea mema, mwalimu, kanisa, kaka yake. Jina langu liliitwa, eti rafiki wa marehemu kutoka Tanzania. Nilisimama nikasema mimi ni Wangwe, na kwamba nilimkosea. Sikuweza kuendelea. Nora alinishika mkono akanikalisha.

Watu walipopungua Aoko aliniita ndani. Kwenye sebule, kati ya kabati la vyombo na kiti cha marehemu, limesimama kabati la kijivu, refu kuliko mimi, juu yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma. Kwanza sikuamini. Ni kabati pacha wa langu. Waya mmoja umetoka nyuma yake hadi kwenye soketi ya ukutani, na soketi imezungushiwa plasta ya hospitali ili mtu asiichomoe. Ndani taa tatu za kijani zinawaka. Haliendeshi kitu chochote duniani.

Kiwanda kilipofungwa, Aoko akaniambia, wenzake walidai haki zao, yeye akaomba wampe hilo kabati. Walimcheka. Aliwakataza watoto wasiniambie kamwe.

"Kwa nini, shemeji? Tulipatana. Yake ikifa aniambie."

"Alisema ukijua yake imekufa, utajua umebaki peke yako, utaogopa. Alisema fundi mwenye hofu hukosea." Akapangusa kitambaa juu ya kabati, ambacho hakikuwa na vumbi. "Mwezi wa kumi alienda Nairobi hospitali. Daktari akamwambia alale wodini. Akasema hawezi, kuna duka anatafuta huko mjini, halafu ana safari ya Tarime. Aliporudi nikamuuliza, umemwona Wangwe? Akasema alikuwa amesafiri."

Nilitazama ubongo. Chini kulia, pale penye nyumba ya betri, palikuwa na tundu. Tundu tupu, safi, lenye nyaya mbili.

Betri niliyoiita maiti ilitoka hapo. Alijing'olea ya kwake ikiwa inawaka, akanitumia, na tangu siku hiyo kumbukumbu yote ya mapipa yetu mawili ilikuwa inaning'inia kwenye waya ule wa ukutani. Umeme ungepotea dakika chache tu, kwisha. Nikamuuliza Aoko umeme ukikatika walikuwa wanafanyaje. Akanionyesha chini, nyuma ya kabati, betri ya gari.

"Hii ilikuwa inalibeba. Kila jioni anaipima. Alipolazwa mara ya mwisho aliniachia mimi. Alisema isizimwe mpaka Wangwe aseme yake imewaka." Akanitazama, siyo kwa lawama, kwa uchovu tu. "Alikuwa anauliza kila asubuhi, Wangwe amepiga? Sasa shemeji, naomba uniambie. Nizime?"

Nikamwambia angoje kidogo.

Nikatoa betri mfukoni. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye soketi, kuzima kwanza, miaka ishirini na mitano ya mazoea, na shingoni nilihisi ufunguo. Nikauvua nikampa Nora. Kisha nikaingiza mkono ndani ya kabati, taa zikiwa zinawaka, mara ya kwanza tangu Nelson. Betri iligonga pembeni. Nora alikuwa amefumba macho. Nikaunga waya mmoja, nikaunga wa pili, nikaisukuma nyumbani kwake. Ilikaa.

"Sasa zima," nikasema.

Aoko akachomoa ile betri ya gari, akabandua plasta, akazima ukutani. Taa zote zikafa. Chumba kikawa kimya, na nikagundua kwamba tangu niingie kulikuwa na mvumo mdogo ambao sasa haupo. Watoto walikuja mlangoni kutazama. Tulikaa hivyo, nikahesabu hadi dakika thelathini kwa saa yangu, muda ule niliopiga brashi. Nikamwambia awashe.

Nyekundu kwanza. Halafu kijani, kijani, kijani. Kila kitu kipo.

Nikasogeza mdomo karibu na kabati ili wengine wasisikie, nikamwambia, "Yangu imewaka, Ojwang. Imewaka tangu tarehe tatu."